Mwanafunzi Mwenye Mbeleko

Jumatatu, 6 Agosti 1956

Leo mwalimu amekisifu kibao changu mbele ya darasa zima. Akakiinua juu wenzangu wakione — herufi zimesimama kama askari wa gwaride. Akasema, tazameni mkono wa mtu mzima. Vijana wote wanane wakasogea kukitazama. Nikatoka kifua mbele. Nyumbani nimewakuta watoto wametulia, wameshiba, wanacheza. Mtu akijipanga hakuna kinachomshinda.

Jumanne, 7 Agosti

Niliyoandika jana ni uongo mtupu. Sijui namdanganya nani, daftari hili halina msomaji ila mimi na mende.

Kweli ni hii. Mwalimu alikiinua kibao changu kuwaonyesha wenzangu kosa. Herufi za mwanzo zimebanana kama watu kwenye mazishi ya tajiri, za mwisho zimekaa mbalimbali zinapunga upepo. Na nyumbani Uweso alikuwa kamwaga uji wote, Chiku kaufuta kwa karatasi yangu ya kazi ya mwalimu. Uweso ana miaka miwili. Chiku sita kasoro miezi. Watoto wa binti yangu Mastura, ambaye yuko Kibong'oto, hospitali ya kifua, mwezi wa tano sasa. Bibi yao tulimzika mwaka juzi. Baba yao, Sleyum, alikwenda Mombasa kutafuta maisha, akayapata, akasahau njia ya kurudi.

Nimebaki mimi. Miaka sitini na saba, macho nusu, magoti robo.

Tangu leo nitaandika kweli. Nikiweza.

Alhamisi, 9 Agosti

Darasa ni Jumatatu na Alhamisi, saa tisa mpaka saa kumi na moja, ukumbi wa welfea, nyumba ya mikutano ya mji. Tunafundishwa kuandika vibao vya maduka, kuchora matangazo, lebo za makopo. Mwalimu ni Laurenti, Mbondei wa Muheza, umri wake haujafika wa viatu vyangu. Akiingia sote tunasimama. Kisha ananigeukia mimi: "Shikamoo, Mzee Mselem." Nami nimesimama wima kama mtoto wa shule: "Marahaba, mwalimu, kaa kitako." Darasa hoi.

Leo nilikwenda na Uweso mgongoni. Siku nyingine hunishikia Bi Hamdiya, jirani, muuza vitumbua, lakini leo alikuwa na msiba Pongwe. Nikamfunga mtoto kwa mbeleko, kanga ya marehemu mke wangu, Chiku nikamshika mkono, tukaenda. Mlangoni yuko Jumbe, yule kijana mwenye mdomo. "Mzee, umekuja kuandika au kunyonyesha?" Nikamwambia angoje zamu yake, namalizana na mdogo kwanza.

Mwalimu kagundua siri yangu. Kibao nakianza kutoka kulia, herufi ya mwisho kwanza. Ndivyo mkono wangu ulivyofunzwa chuoni kwa maalim, kwa herufi za Kiarabu, kabla ya ile miaka miwili ya shule ya Mjerumani, na mkono huu haujali mimi siku hizi naandika herufi gani.

"Mzee, mbona unaanzia mkiani?"

"Mwalimu, aanziaye mkiani hapungukiwi nafasi ya mkia."

"Na kichwa?"

"Kichwa kina Mungu wake."

Alicheka. Kisha akanipa alama nne kwa kumi.

Miaka ishirini nilitia alama marobota ya katani bandarini. Unaweka bati lililokatwa herufi, unapaka, unaliondoa, umemaliza. Nikijiita mwandishi. Kumbe mwandishi alikuwa bati.

Jumapili, 12 Agosti

Amekuja Turkiya, dada yake Sleyum, kwa gari la Mombasa. Kaja na haluwa, gauni la Chiku, viatu vya Uweso. Viatu vimemkaa sawasawa, miguu ya mtoto aliipimia wapi sijui. Kamsuka Chiku nywele pale barazani, mistari imenyooka kuliko yangu yote ya darasani. Chiku kamlalia mapajani kama paka. Ningependa kumchukia mwanamke huyu. Haniachii nafasi.

Kisha akasema, taratibu: "Baba, sikuja kwa shari. Lakini hawa ni watoto wa kaka yangu. Huna kazi, huna mke, mnakula kodi ya chumba kimoja mnachopangisha. Hapa wanalelewa, au wanangojea tu?"

Nikamwambia kazi ninayo, mimi fundi wa vibao.

Akatazama mlango, akatazama ukuta. "Kibao chako mwenyewe kiko wapi?"

Hakikuwapo.

Akasema atarudi tarehe ishirini na tisa, Jumatano. Akinikuta na kazi ya kweli ataniachia watoto mpaka mama yao apone. Akinikuta hivi hivi anawachukua Mombasa, na nikibisha twende kwa kadhi. Kadhi atampa yeye, hilo silihitaji kuambiwa.

Mastura alipopanda gari moshi alinishika kanzu dirishani. "Baba, wasivuke mpaka wa Horohoro. Wakishavuka, mimi sina tena watoto." Anawajua wakweze. Nilimwambia hawavuki. Mimi ni muongo, Tanga nzima yajua. Lakini lile sikulisema kwa uongo.

Jumatatu, 13 Agosti

Mwalimu kaleta habari. Ofisi ya mji inataka mtu mmoja wa kuandika vibao vya barabara za Ngamiani, ya kwanza hata ya ishirini na moja, kila ncha kibao. Kazi ya mwaka. Mtihani Jumamosi tarehe 25, kila mtu kibao kimoja, kwa muda wa saa mbili tu. Atakayekuwa wa kwanza anaichukua.

Nimerudi nyumbani mbio. Na magoti haya.

Ijumaa, 17 Agosti

Asubuhi: uji, kufua winda, kumtoa Uweso chini ya kitanda, mstari mmoja. Mchana: kupika wali, Chiku anataka hadithi ya fisi, Uweso kameza ncha ya penseli, nikamgeuza kichwa chini, ikatoka. Mstari mmoja. Mstari wenyewe umepinda.

Kazi tuliyopewa ni tangazo la mbu kwa rangi mbili. Mbili tu, kasema mwalimu, mwenye kuzidisha hajui anachotaka kusema. Nikachora mbu mzuri, mweusi na mwekundu, nikamwacha sakafuni akauke, nikaenda kusali Ijumaa. Bi Hamdiya alikuwa anawatazama kwa jicho moja, la pili liko kwenye karai. Narudi, mbu ana rangi nne na Uweso pia.

Chiku akasema: "Babu, mimi nilimkataza."

"Ulimkatazaje?"

"Nilimwambia kijani inatosha."

Nilitaka kumchapa, nikacheka, kisha nikakaa barazani peke yangu na yule mbu na sikuwa nikicheka.

Barua ya Mastura imefika. Ameongezeka uzito, ratili sita. Daktari asema akiendelea hivi, miezi minne. Auliza Uweso ana maneno mangapi sasa. Nimeyahesabu: manne. Sijajibu. Nitajibu nikiwa na la kumwambia.

Alhamisi, 23 Agosti

Leo nimekuwa mwalimu. Hili si uongo.

Saa tisa imefika, Laurenti hayupo. Saa tisa na nusu kaingia inspekta, Mzungu, daftari mkononi, anauliza mwalimu yuko wapi. Vijana wote wanatazama dari. Mimi nilijua aliko. Asubuhi nilikutana naye sokoni, kaniambia baba wa mchumba wake kamwita Muheza ghafla, atawahi kurudi. Hakuwahi.

Nikasimama, Uweso mgongoni. "Kaenda kutafuta rangi, bwana. Tuliyopewa imeganda. Kaniachia mimi, mkubwa wa darasa." Nikashika chaki nikafundisha nafasi baina ya herufi na herufi, tena kuanzia kushoto, Mungu shahidi yangu. Inspekta kaandika, kaandika. Akauliza, na mtoto huyu? Nikamwambia ni mwanafunzi wa kumi, amekuja mapema. Kacheka, kaondoka.

Jioni Laurenti kaja na baiskeli, jasho linamtoka. "Mzee Mselem, umeniokoa. Leo ningefukuzwa. Fadhila hii siisahau."

"Basi nipe na mimi mtihani," nikamwambia. "Nipe tu, kama mtani."

Uso ukambadilika. "Mzee, hapo hapana."

Nikasema nilikuwa namtania. Nilikuwa namtania, lakini si sana.

Jumamosi, 25 Agosti

Uweso kaamka na joto. Si kali. Bi Hamdiya kampokea, kasema nenda, huyu namweza, umelea wewe peke yako duniani?

Maneno ya mtihani: BARABARA YA NANE. Nikauacha mkono uende kwao, kulia. E. N. A. N. Sijapata kuandika vile maisha yangu. Brashi ilikuwa inanyonya rangi na kuitoa bila kuulizwa. Herufi zikakaa kama wazee msikitini, kila mmoja mahali pake pa siku zote. Jumbe alikuja kutazama, akarudi kwake bila neno, na Jumbe bila neno sijapata kumwona. Mwalimu alipita nyuma yangu mara tatu.

Zimebaki herufi mbili, zile za mwanzo, na nusu saa nzima. Mara namwona Chiku mlangoni, peku, amekimbia toka nyumbani peke yake.

"Babu. Uweso anajikaza. Macho yamegeuka. Bi Hamdiya anasema uje."

Nilitazama kibao. Naliandika hili kwa sababu nimeahidi kweli: kwanza nilitazama kibao. Herufi mbili. Nilihesabu muda wake. Ndipo nikaweka brashi chini.

Jumapili, 26 Agosti

Hospitali. Malaria, imempanda kichwani. Sindano mbili. Asubuhi homa imeshuka, kanywa maji ya mchele, kaniita. Chiku alilala chini ya kitanda chake, manesi wakamwacha.

Sina zaidi.

Jumatatu, 27 Agosti

Kazi kaipata Eliudi, yule Mshambaa mpole anayekaa karibu na dirisha. Mkono mzuri, hana wa kumpikia wala wa kumlilia. Haki yake.

Laurenti kanivuta pembeni. "Mzee, kile kibao kingekuwa cha kwanza. Wallahi — mimi Mkristo lakini wallahi. Ila hakikwisha. Nikikupa wewe, wale wanane watasema."

Watasema. Na ningekuwa mmoja wao ningesema kuliko wote.

Nikamwomba nimalizie zile mbili, basi tu. Akanipa brashi. Nikaandika A, nikaandika B. Zimekaa vibaya, zimewaharibia wenzao wote.

Eliudi akaja kunishika mkono kwa mikono miwili. Nikamwambia asianguke kwenye ngazi, sisi Waswahili wa chini hatuna mikono ya kudaka Washambaa wa milimani. Akacheka. Nimefika nyumbani sijui nilipita njia gani.

Jumanne, 28 Agosti

Turkiya kaleta salamu kwa dereva: kesho saa tano, gari litamshusha kona ya Barabara ya Saba. Mlango wangu ni wa tatu toka pale.

Chiku keshafunga gauni lake kwenye kitambaa. Hakuna aliyemwambia. Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Kwa shangazi. Kisha mama akipona tunarudi."

"Nani kakwambia mtarudi?"

Akanitazama kama mimi ndiye mtoto. "Kwani njia si ile ile?"

Nimewaza kuwatorosha Pangani. Kwa nani? Nimewaza kufunga mlango nisifungue. Mtoto akikohoa tu tumekwisha. Nimewaza kwenda kwa kadhi nikalie. Mzee akilia hasikilizwi, huletewa maji ya kunywa. Bi Hamdiya kasema, mwambie ukweli huyo mama, kwamba uliuacha mtihani kwa ajili ya mtoto. Nikamwambia huo ukweli ndio utakaowachukua: mtoto alizidiwa, na mimi sikuwapo. Akaendelea kugeuza vitumbua vyake. Kisha akanipa vinne bila mimi kuviomba.

Miezi minne tu. Ratili sita Mastura keshaongezeka.

Uweso kanilalia begani huku naandika, mwepesi, joto limemtoka lote. Nimemwandikia Laurenti kikaratasi nimpelekee kabla ya magharibi. Viwili nimevichana. Cha tatu nakinakili hapa nisikibadilishe tena:

Mwalimu, mtani wangu. Baada ya salamu. Alhamisi nilisema uongo kwa ajili yako, na niliusema vizuri. Sasa nakuomba kidogo. Kesho saa tano niazime ngazi ya darasani na lile koti lenye rangi, nisimame kona ya Barabara ya Saba wakati gari la Mombasa linasimama. Rangi sitaki. Brashi kavu inatosha, walio chini hawaoni. Vibao ni vya Eliudi, sitavigusa hata kwa kidole. Kama ngazi haitoki bila ruhusa, iache, nisikutie matatani. Basi wewe pita pale na baiskeli yako, usishuke. Utaniona na mtoto mgongoni, na mama mmoja wa baibui amesimama mbele yangu. Useme tu, "Fundi, kazi inaendeleaje?" Mara moja. Kwa sauti, asikie.