Kadi za Jovia

Kwarta za Askari Jela, Jinja
3 Machi 1996

Wifi yangu Nambozo,

Nakusalimu wewe, watoto wote na kaka yenu mkubwa. Mimi afya ninayo, ila miguu ndiyo inalalamika, maana wiki hii nimepangwa lango kuu na pale hakuna kiti. Kifua chako kimepoa? Usiache kunywa ile tangawizi.

Barua yako nimeipata. Umeniambia mwalimu amesema Jovia hashiki kitu, na kwamba asipojua kusoma mwaka huu hatampandisha darasa. Nimelia, sikufichi. Marehemu kaka yako alipozikwa, ukoo wenu ukasema mtoto wa kwao akue kwao, nami sikubishana. Nilijituliza kwa jambo moja: kwamba mwanangu atajifunza kusoma, kisha nitakuwa namwandikia yeye mwenyewe. Wewe unamsomea vizuri, sina neno. Lakini kuna maneno ambayo mama hawezi kuyapitisha kwenye mdomo wa wifi, hata wifi mwema.

Sasa sikiliza. Hapa kwarta kuna mwalimu wa watoto wadogo anaitwa Gorreti. Yeye hawachapi, anacheza nao karata. Si zile karata za wanaume wa kantini. Ni vipande vya boksi, kila kipande kina silabi moja, na kila silabi ina kadi mbili. Mnazilaza zote kifudifudi. Mtoto anafunua mbili. Zikilingana anazisoma kwa sauti na kuziweka kwake, zisipolingana anazirudisha na zamu inakwenda kwa mwenzake. Akishazoea anaanza kuunganisha, ba na ta anapata bata. Nimeona watoto wa miaka minne wakisoma kwa njia hiyo huku wanacheka.

Nimemtengenezea Jovia zake. Nimekata ma kwenye boksi la sabuni, ba kwenye katoni ya biskuti, ka kwenye boksi la majani ya chai, na kuendelea. Kila jozi nimeikata kwenye boksi moja ili usihangaike kuzipanga. Norman, askari mwenzangu, anakuja huko kwao Busiu, jirani na kwenu, atakufikishia. Cheza naye kila siku, tafadhali.

Wifi yako,
Aber


Namatala, Mbale
31 Machi 1996

Wifi mwenye bunduki,

Pokea salamu za watu wote wa hapa, na za kuku pia, maana wao ndio wengi. Kifua kimepoa. Hofu yangu ni hiyo miguu yako, waambie wakuletee hata ndoo uikalie.

Kadi zimefika. Kaka alipoziona alikunja uso akasema, "Huyu mwanamke ya jela natufundishia mtoto kamari?" Nikamwambia akae chini acheze. Alicheza, akapigwa na mtoto wa miaka sita, akasema jua limempiga. Siku ya pili akarudi mwenyewe, na siku ya pili pia akapigwa.

Aber, mtoto wako si mjinga hata kidogo. Amewashinda watoto wangu, amewashinda watoto wa Nulu jirani yetu, na Nulu mwenyewe aliyesoma madrasa akashindwa. Anapitisha mkono juu ya kadi kama mtu anayechambua maharage, anafunua moja, anafunua ya pili, anasema "ma" kwa sauti kubwa na kuzivuta kwake. Wenzake wamempa jina Afande. Jua likizama wao wanasema hawaoni tena, yeye anawacheka na kuendelea peke yake.

Huyo mwalimu atajionea mwenyewe. Natamani niwepo siku hiyo nimtazame usoni.

Wifi yako,
Nambozo


Jinja
21 Aprili 1996

Wifi yangu wa pekee,

Mko wazima? Mimi ni mzima kupita kawaida, na sababu unaijua.

Barua yako nimemsomea Gorreti, nimemsomea Norman, nimewasomea mpaka wafungwa wa kike ninaowalinda shambani. Mmoja akaniambia, "Afande, leo wewe nacheka, sisi napumua." Watu wamenichoka. Nikipita wanasema mama wa msomi huyo.

Nimeanza barua ya Jovia. Bado siitumi, nangoja aunganishe vizuri. Nimeweka maneno mafupi mafupi. Muulize kama anataka nimwandikie habari za mto au za nyani wanaoiba mahindi ya gereza.

Wifi yako mwenye furaha,
Aber


Namatala
16 Juni 1996

Wifi,

Salamu. Utanisamehe kimya changu. Sikuwa mgonjwa, nilikuwa sijui niandike nini, na hata leo sijui vizuri.

Muhula ulipofungwa nilikwenda shuleni na kichwa juu. Mwalimu akanifungulia daftari la Jovia. Hakuna kitu, wifi, ni mistari inayopanda juu ya mistari. "Huyu mtoto iko mzito," akaniambia, "natazama ubao kama ng'ombe." Nikamjibu maneno ambayo sitayaandika. Nikamwambia mtoto huyo anasoma nyumbani kuwashinda watu wazima, na yeye ndiye hajui kufundisha.

Wiki iliyopita kadi moja ya ma ilianguka kwenye maji ikaharibika. Nikakata nyingine kwenye jalada la daftari, nikaandika ma kubwa kwa wino mweusi. Jovia akacheza. Ile mpya akaishika, akaigeuza, akaisugua kwa kidole gumba. Nikamwambia soma. Akasema, "Shangazi, hii haina jina."

Nikaingia ndani nikakata kadi zote upya kwenye jalada moja, za saizi moja. Aber, hakujua hata moja. Nikazichukua zile zako, nikamfumba macho kwa kanga. Akazitaja zote bila kukosea. Sabuni ni laini, ndiyo ma. Katoni ya biskuti ina mawimbi ndani, ndiyo ba. Alikuwa anasoma maboksi.

Nikamuuliza kwa nini hatazami herufi. Akasema herufi zipi. Nikainua kidole changu, nikakileta polepole kutoka pembeni. Hakukiona mpaka kilipofika katikati ya uso wake. Nikakumbuka vile anavyojigonga kwenye stuli jioni, nami namgombeza kwamba hana adabu ya kutembea. Hajawahi kusema, kwa sababu anadhani watu wote tunaona hivyo.

Hospitali wamesema tumngoje daktari wa macho anayepita mara moja kwa mwezi. Tunangoja.

Nambozo


Jinja
23 Juni 1996

Wifi Nambozo,

Sijui nianze kwa salamu gani. Nawasalimu.

Nimesoma barua yako nikiwa zamu na nikaisoma tena. Mimi ndiye niliyekata kila jozi kwenye boksi moja. Gorreti anakata zake zote kwenye katoni moja, niliona kwa macho yangu, nikajifanya naboresha.

Nimeomba likizo. Afande mkubwa amenipa wiki moja, ya mwisho wa Agosti. Nilimsihi iwe sasa. Akasema, "Aber, watu tisa naomba, wewe ya kumi. Shukuru." Nimeshukuru. Muone huyo daktari, unieleze neno kwa neno, usinipunguzie chochote.

Aber


Namatala
28 Julai 1996

Wifi yangu,

Nakusalimu kwa upole. Sisi tunakula, tunalala, tunaamka.

Daktari alikuja. Alimulika macho ya Jovia muda mrefu, akaniuliza kama katika ukoo wetu au wenu kuna mtu wa namna hiyo. Nikasema kwetu simjui. Umeniambia nisikupunguzie, basi haya hapa. Amesema nyuma ya jicho kuna mahali panapopokea mwanga, na kwa Jovia mahali hapo panakufa. Ugonjwa ulianza zamani, sasa unakwenda mbio. Miwani haisaidii, na dawa ya kuzuia hakuna, hapa wala Kampala. Nikamuuliza muda gani. Akasema huenda mwaka, huenda miezi, yeye si Mungu. Alikuwa kijana mpole, akanipa kiti.

Jua likiwa kali bado anaona uso ukiwa karibu. Jioni haoni kitu. Nimemwambia mama anakuja mwisho wa Agosti. Amenituma nikuandikie hivi, ni maneno yake: "Mama aje mchana. Akija jioni sitamwona." Wifi, panda gari la alfajiri, ufike jua likiwa juu.

Ningemleta mwenyewe kesho. Lakini mwaka huu ni mwaka wa tohara, na mwanangu Geresom ni mmoja wa watakaotahiriwa, ameshaanza kucheza na njuga. Kwetu mama wa mtahiriwa haondoki nyumbani mpaka mtoto apone, na nikiondoka kikatokea kitu nitalaumiwa mpaka kaburini. Unatujua.

Shuleni nimemtoa. Mwalimu hakuuliza.

Wifi yako,
Nambozo


Jinja
25 Agosti 1996

Nambozo wifi yangu,

Poleni na shughuli, natumaini Geresom amesimama imara. Mimi mwili ni mzima.

Siji. Jumatatu wafungwa wawili wametoroka shambani. Walikuwa upande wangu, nilikuwa nimegeuka kumfunga mwenzao jeraha. Wamenisimamisha kazi na kunivua mkanda, na wamesema nisivuke lango la kwarta mpaka uchunguzi uishe. Nilimpigia afande magoti. Nilimwambia mtoto wangu anapofuka. Akasema, "Pole sana. Lakini wewe natoka, mimi nafungwa pahali yako." Hakuwa anatania. Lango nililokuwa nalilinda mimi, sasa askari wenzangu wananilinda mimi pale, na wakiniona wanainamisha macho.

Nimemwomba Norman aje kwako Jumamosi amchukue Jovia amlete. Atamleta mchana, ameniapia. Nitasimama kwenye uzio upande wa jua. Hata kama ni saa moja tu, anione. Mvalishe sweta, kwenye gari kuna upepo.

Aber


Namatala
8 Septemba 1996

Wifi,

Norman alikuja na amerudi mikono mitupu, bila shaka amekueleza. Si mimi. Jovia alikuwa ameshavaa sweta, na nilimsihi kaka mbele ya watu. Alisema mtoto wa ukoo hapewi mwanamume asiyemjua, tena askari. Akasema pia kwamba akifika Jinja hatarudi, na kwamba ndivyo ulivyopanga. Nikamwambia wewe unataka kuonwa na mwanao tu, lakini kwetu dada akisema mbele ya wazee ni kama mbwa amebweka. Jovia alikaa mlangoni na sweta lake mpaka akasinzia.

Geresom alisimama bila kupepesa. Kidonda chake kinachelewa kupona. Kila asubuhi nakitazama nikikisukuma kwa moyo kipone.

Usimchukie kaka. Au mchukie, mimi pia namchukia kidogo.

Nambozo


Jinja
22 Septemba 1996

Wifi,

Salamu kwa wote. Uchunguzi haujaisha. Kila siku kukiwa na jua nauliza moyoni kama huko kwenu pia lipo.

Mweke nje, wifi. Muonyeshe vitu. Mlima, kuku, uso wako. Muonyeshe picha yangu ile ya yunifomu, uishike karibu.

Aber


Namatala
20 Oktoba 1996

Wifi yangu Aber,

Nakusalimu, na naomba ukae chini ndipo uisome barua hii.

Nilifanya ulivyoniambia. Kila asubuhi nilimtoa nje, na picha yako nilimwekea karibu kabisa. Alisema una kofia. Siku nyingine akasema una kofia na meno. Wiki iliyofuata alisema kofia tu, kisha akaanza kusema kofia kabla sijaitoa picha mfukoni.

Jumapili iliyopita niliamka nikafungua dirisha, jua likaingia mpaka kitandani kwake. Akaniuliza kwa nini leo watu wanaamka kukiwa bado usiku. Nilimwambia alale kidogo. Kisha nikatoka nje nikakaa nyuma ya jiko na kanga mdomoni. Watoto wa Nulu walipokuja kucheza ndipo alipoelewa, kwa sababu aliwasikia wakigombania kivuli. Hakulia sana. Mimi ndiye niliyelia.

Geresom amepona. Kaka naye amekuja jana, akasimama mlangoni muda mrefu, akamshika Jovia kichwa, akasema mpeleke kwa mama yake. Sasa ndipo anasema. Nilitaka kumpiga.

Tunakuja Alhamisi. Nimeshauliza, wanaruhusu watu wakuone kwenye uzio. Gari la alfajiri nimeliacha, linajaa wanaume wa sokoni na atakanyagwa, tutapanda la mchana na huenda tukafika giza limeingia. Nimekufungia na ndizi.

Jambo moja, wifi. Ukituona tunakuja usisimame ukinyamaza. Mwite jina tukiwa bado mbali, na uendelee kumwita mpaka akufikie, ndiyo atajua ni wewe.

Wifi yako,
Nambozo