Mlango Mmoja, Vibao Vitatu

Mpendwa Shangazi, nisaidie, maana siku hizi nikisinzia tu mezani ofisini baada ya chakula, feni ikizunguka polepole, naota ndoto ileile, niko kwenye ukumbi mrefu mweupe, mlango ni mmoja, lakini kila nikipepesa macho kibao chake kinabadilika, mara Ruhusa, mara Haki, mara Idhini, na mume wangu amesimama hapo na ufunguo mkononi, haingii, ananitazama tu kwa upole, nami sauti haitoki. Kazi yangu ni kuhariri mtihani wa cheti cha mafundi kompyuta, na ile sehemu ya nani afungue faili, nani alibadilishe, nani alitazame tu, wenzangu watatu wa jopo kila mmoja ameiandika kwa neno lake, watahiniwa wakadhani wanaulizwa mambo matatu. Mume wangu amefeli hapohapo mara mbili, akifeli tena, kazi yake ya hospitalini anapewa mwingine, na juzi akikunja nguo aliniambia, "Mke wangu, mashine naijua, karatasi yenu ndiyo siielewi," nikaingia bafuni nikalia. Sasa mwenyekiti amenipa mimi nichague neno moja, na jopo halijui kwamba mume wangu ni mtahiniwa, nikirekebisha wataniambia nimembeba, nikiacha nimemzamisha kwa mkono wangu, jamani, nifanyeje?

Mhariri Msinziaji

Msinziaji, pole mwanangu, kisha amka. Unalia bafuni na mdomo unao? Na hao wenzako, watu wazima, wanagombea maneno kama watoto wanaogombea kiti cha dirishani!

Mficha uchi hazai. Kesho, kabla hujanywa chai, mwambie mwenyekiti kwamba mumeo ni mtahiniwa. Utatetemeka, tetemeka tu. Kuchagua neno mwachie mwingine, ila kasoro usiifiche. Wenzako wawaite mafundi wasio ndugu wa yeyote joponi, wawasomee maswali, wawaulize wameelewa nini. Mimi "ruhusa" nimelielewa papo hapo, lakini mimi hata kuwasha kompyuta naitiwa mjukuu, kwa hiyo wawasikilize mafundi. Neno litakaloshinda libaki hilohilo hadi swali la mwisho, na maana yake iandikwe juu kabisa. Wewe karatasi hiyo usiiguse tena, na mumeo akasome kwa mwalimu mwingine.

Kumbeba mtu ni kumpa jibu. Swali linaloeleweka ni haki ya kila aliyekaa kwenye chumba cha mtihani. Mumeo akifaulu, afaulu mwenyewe, na akifeli, afeli kwa kuwa hajui, si kwa kuwa hamkumuuliza vizuri.

Ukishasema, rudi mezani usinzie. Nadhani safari hii atafungua.