Picha ya Mjomba Juu ya Ukurasa

Jumatatu, 9 Machi 2009
Umeme umerudi, nimefungua kompyuta dukani kwangu hapa mpakani. Mteja wa kwanza Mzambia, kashika kwacha, anataka kuchapiwa ankara. Nikamalizana naye, nikarudi kwenye tovuti ya ushirika wa kahawa. Mjomba ndiye mwenyekiti. Alinisomesha, basi naifanya bure. Sharti lake: picha yake ikae juu kabisa, kando ya jina la ushirika, mweka hazina chini yake. Kama meza kuu. Upuuzi mtupu. Nimeipanga kwa CSS, maelekezo ya kupanga ukurasa; kwenye brauza ya Firefox imekaa anavyotaka.

Jumatano, 11 Machi
Mjomba kapiga simu anafoka. Kwenye kompyuta ya ofisi yao Vwawa mweka hazina yuko juu, yeye chini. Wajumbe wameona. Wananong'ona kwamba kashapangiwa kutolewa kwenye uchaguzi wa Jumamosi.

Ni brauza yao tu, Explorer ya zamani, takataka ile. Unaiambia iache pengo, inaacha mara mbili. Picha inakosa nafasi, inadondoka. Nimemweleza. Akasema, "Mjomba, kompyuta haijipangii yenyewe. Nani kakutuma?"

Watu wazima, na ndevu zao. Wanasoma picha kama viti vya harusini.

Alhamisi, 12 Machi
Nimepunguza upana wa picha. Nimeihamisha. Ikikaa huku, inaharibika kule. Naichukia Explorer. Wajumbe nawachukia zaidi. Mweka hazina kapita dukani kunipa pole, meno yote nje. Eti nisihangaike, ilivyo inatosha. Mnafiki.

Ijumaa, 13 Machi
Nimepata. Mstari mmoja tu wa CSS: display: inline. Picha imepanda juu, brauza zote sawa. Nikampigia mjomba aifungue, awaite wajumbe waone. Vwawa transfoma imeungua. Hakuna umeme mpaka wiki ijayo.

Nchi hii.

Jumapili, 15 Machi
Uchaguzi ulikuwa jana. Kachaguliwa mweka hazina. Mjumbe mmoja alisimama akasema hata kwenye mtandao ilishajulikana. Wapumbavu.

Mjomba kaja leo baada ya ibada, na tai yake. Nilijua atafoka. Kaomba tu nimfungulie ukurasa. Nikamfungulia kwenye Explorer ileile. Akajiangalia pale juu.

"Kumbe ilikuwa kompyuta tu," akasema.

Nikasema ndiyo, mjomba.

Mwenyekiti mpya ameshapiga simu, anataka picha yake ipandishwe leo. Nimemwambia hakuna umeme. Mjomba nimemletea chai, tukakaa.