Mlango wa Luz

Mdogo wangu Mwanaidi, nakusalimu na baridi yote ya huku ughaibuni, Harrow.

Nina hasira! Jirani wa mwanangu, Luz, katoka kijimji cha mashamba kusini mwa Ufilipino. Wanaanika mbata za nazi barabarani kama sisi. Sikukuu ya mji wao kila nyumba huacha mlango wazi, hata mpita njia anaingia kula. Jana ndiyo ilikuwa sikukuu hiyo; Luz kapika samaki wa nazi, kafungua mlango. Jengo zima hakuingia mtu! Rehema wangu eti, “Mama, huku hatuingiliani.”

“Nani kakulea wewe?”

Nikaenda peke yangu, nikala mpaka Luz akalia kwa furaha. Leo napika mimi, na mlango wa Rehema nimeuzuia kwa kiti ubaki wazi. Athubutu kuufunga!

Nibusie watoto, na hicho kikohozi usikidharau.

Dada yako akupendaye,
Mama Rehema