Senti Kumi ya Mama Yustina

Mollo, Sumbawanga

Mama Yustina, mke wangu mpendwa,

Niwie radhi kwa kukusumbua katika pumziko lako. Ile sarafu yako ya senti kumi haipo tena chini ya msalaba wa ukutani kwetu. Nimeiuza, na nimeona ni haki habari hiyo uipate kwangu mwenyewe.

Yustina wetu amehamia kijiji cha ujamaa huko Ilemba. Nyumba yao iliezekwa nyasi kwa haraka, na mvua ya kwanza ikawalowesha watoto kitandani. Sikuwa na kitu kingine cha kumsaidia.

Nakumbuka siku Padri alipokuzawadia sarafu ile, kwa miaka uliyofua vitambaa vya altare. Aliishika ukingoni kwa leso, nawe ukaamini imebarikiwa. "Hata Ekaristi hatuigusi kwa mkono," uliniambia, ukaifunga katika kitambaa cheupe. Nikakutania kwamba unaabudu senti kumi. Ukajibu, "Cheka tu, Baba Yustina, ila mkono wako ukae mbali." Nikatii.

Asubuhi ya kuipeleka mjini, Yustina, aliyekuwa amekuja kwangu, alikwisha kushika majivu na limau aisugue, ipate kupendeza. Nilijikuta nikisema kwa ukali wako: mkono ukae mbali!

Bwana Athumani, mwenye duka ambaye hukusanya sarafu za kale, aliitazama kwa lenzi. Akaweka kando yake nyingine ya mwaka uleule. Yake ilikuwa na herufi H, yetu KN. Alinieleza kuwa herufi hizo hutambulisha kiwanda kilichoigonga. Lakini herufi peke yake, alisema, hazitoshi kupandisha bei. Yetu iligongwa kwa ajili ya kutunzwa, si kwa matumizi ya sokoni: uso wake ni kama kioo, na alama ya kidole kimoja ingeupunguzia thamani. Nilipomweleza jinsi ulivyoitunza, akacheka: "Mzee wangu, kwani huyu mama alikuwa hashiki hela?" Samahani, mke wangu.

Mabati niliyonunua kwa fedha yake yametosha nyumba nzima ya Yustina. Nilikuwapo mvua iliporudi. Yustina alipiga kelele, "Baba, sikusikii!" Tukasali rozari kama watu wanaogombana, wajukuu wakicheka, wote wakavu.

Asante. Nilidhani ulikosea kuhusu baraka ile. Sasa sina hakika tena.

Lala kwa amani, mama. Nakuahidi: kila mvua itakayonikuta chini ya paa lile, nitakuombea kwa sauti ya kuyashinda mabati.

Mumeo,
Baba Yustina