Kiti Nilichomshikia Orval

Pierre, Dakota Kusini
Februari

Kwako Dada Ardis,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye barafu hadi kwenye jua lako la Arizona. Goti linaendeleaje? Na shemeji, bado anajidai bingwa wa gofu? Mimi mzima, ila mafua hayanibanduki, na nimenenepa kwa vyakula vya bure tunavyoletewa bungeni na watu wenye haja zao.

Najua umecheka uliposoma "bungeni". Hata mimi hucheka. Unakumbuka mume wangu Orval alivyoanza: bodi ya shule, halafu halmashauri ya kaunti, kisha miaka minane katika bunge la jimbo, na kote huko jibu lake lilikuwa moja. Kodi mpya, hapana. Kasino, hapana. Serikali kumpimia mkulima maji ya kisima chake, hapana kabisa! Wenzake wa chama wakambandika jina la Bwana Hapana, naye akatamba nalo. Nilimpigia kura kila mara kwa moyo mmoja, maana ni mtu mnyoofu. Lakini kila Januari alikwenda zake Pierre, akaniachia ng'ombe na theluji. Akipiga simu anauliza habari za ndama. Basi nampa habari za ndama. Nilimtamani mume niliyekuwa naye, dada, na hilo halina dawa.

Sheria ilipomwambia mihula yake imetimia, akae kando kwanza ndipo agombee tena, nilifurahi kimoyomoyo. Furaha yenyewe haikumaliza wiki. Wakaja wazee wa chama, wakala pai yangu ya tufaha, wakasema nimlindie Orval kiti kwa miaka miwili, kama wake wa wajumbe wengine walivyofanya. Wakasema, "Mama Hegstad, jina ni lilelile, hata mabango hatubadilishi. Wewe kaa tu, bonyeza kitufe chekundu cha hapana." Orval akacheka hadi akapaliwa na kahawa. Nikakubali, kiti kisije kikaangukia kwa mtu baki.

Basi nikagombea, nikashinda, na huu ni mwaka wa pili mimi niko huku, yeye yuko na ng'ombe. Mwezi uliopita nikabonyeza kijani, yaani ndiyo, kwa fedha za ile nyumba ya wazee pale kwetu Hollum, isifungwe. Jumamosi iliyofuata nikarudi kwenye kikao cha kahawa katika ukumbi wa zimamoto. Unakijua: wajumbe tunakaa mbele, wananchi wanatuchambua huku wanatafuna mikate ya mdalasini. Nikamwona Orval kwenye foleni ya kipaza sauti, kofia mkononi, kama mtu yeyote. Duane wa duka la mbegu akaanza uchokozi wake: "Leo utakiona, Marlys! Mwenye kiti kaja!" Nikajiandaa kusutwa kwa ile kijani yangu.

Orval akakohoa. Akasema, "Mheshimiwa, leo sina neno la kodi. Nauliza tu, unarudi lini nyumbani? Nyumba imepooza." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Yeye hakucheka, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. Nikamjibu kiheshimiwa kwamba bunge linafungwa Machi.

Sasa nikwambie ambalo yeye bado hajui. Siku hizi ananipigia kila jioni, na ndama hawatajwi. Anauliza nimekula nini, nimevaa sweta gani. Jana wazee wa chama waliniuliza kama mwaka huu namwachia Orval kiti chake. Nimewaambia nagombea mimi. Wamedhani nimenogewa na cheo. Wala si cheo, dada. Ningependa kuwasha gari hata sasa hivi, niende nikamkumbatie.

Akikupigia simu, usimtobolee siri. Nitamwambia mwenyewe Jumamosi. Nisalimie shemeji na wanao, na goti ulipake mafuta. Niombee pia, maana miaka yote ile nilisubiri Orval anitamani, na sasa ananitamani, nami naogopa nikirudi ataacha.

Ni mimi mdogo wako,
Marlys