Povu Ndani ya Keni

Jumamosi, 3 Mei

Zamu yangu bustanini leo. Zamani palikuwa jalala la mtaa, sasa kuna matuta sita. Kila mmoja anajitolea siku yake, na mboga zikikomaa wanaanza kupewa wazee wanaopika peke yao. Nimepalilia mpaka kiuno kikagoma. Kisha nikaazima keni ya kumwagilia, nikachanganyia dawa ya kuua majani, nikamwagia nyasi za mlangoni kwangu. Mtoto akaanguka kibarazani, kilio. Na Mwenyekiti wa bustani huku anataka kufunga stoo. Nikairudisha keni mbio. Dawa kidogo ilibaki chini — nitasuuza kesho, nilijiambia.

Sijasuuza. Naongeza mstari huu leo, tarehe kumi na moja, ndipo nimekumbuka.

Jumapili, 11 Mei

Tuta zima la nyanya limekauka. Miche arobaini, majani ya njano, yamejikunja.

Mwenyekiti ameamua ni samadi mbichi ya kuku, imeunguza mizizi. Macho yote kwa Mzee Samadi — fundi cherehani mstaafu, yeye ndiye hutuletea mbolea, jina likamganda. Akasema labda kweli, siku hizi macho yake hayatofautishi iliyoiva na mbichi.

Mwenyekiti akasema, "Basi mzee wangu, mbolea tuachie. Wewe utatufagilia njia."

"Sasa ni Mzee Fagio," akadakia muuza mkaa.

Wakacheka. Na yeye akacheka, ili wasione haya. Mimi nilikuwa nimeinama, nafunga kiatu kilichokwisha kufungwa.

Jumatatu, 12 Mei

Nilikuwa na tumaini moja: labda si keni. Nimemkuta Mzee Samadi anafagia njia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

Akaniambia bila kuulizwa. Jumamosi ile jioni, kabla stoo haijafungwa, aliichukua keni akamwagilia nyanya, maji yakatoa povu. Alidhani mtu kafulia humo. Alipomaliza tuta lile akaisuuza keni, akaendelea na mengine. "Povu la sabuni litamdhuru nani?"

Hapo ndipo pa kusema. Nikasema mtoto ana njaa.

Jumatano, 14 Mei

Nimeichukua keni kuja kuiosha. Sabuni, majivu, sabuni tena. Ni safi kuliko sufuria zangu. Lakini nikiirudisha wataniuliza ilikuwa wapi, na kwa nini. Iko kona ya jikoni, nimeifunika kanga.

Asubuhi mtoto kamwaga uji. Nikamwambia, sema kweli, sitakuchapa. Akasema. Ana miaka mitatu.

Jumamosi, 17 Mei

Miche mipya imeletwa. Mzee Samadi kaja kuazima ndoo kwangu, maana keni haionekani. Kabla sijajibu, mtoto kaiburura kutoka jikoni, kanga inafuata nyuma.

"Babu, hii hapa!"

"Kumbe iko kwa mjukuu wangu. Nimewaambia hao, hakuna mwizi, mtu kaazima tu."

Hakuniuliza chochote. Bora angeuliza.

Kisha akasema amemwomba Mwenyekiti leo amwagilie yeye. Maji matupu, bila samadi. Ili waone mkono wake hauna nuksi.

Nimemwomba asubiri nimvalishe mtoto. Mtoto amekwisha kuvaa, yuko naye kibarazani, wanahesabu matundu ya keni. Mimi niko kitandani na daftari.

Maana nimeliona sasa, yeye hajaliona. Keni ni safi. Miche itashika, itapendeza. Na kadiri itakavyopendeza ndivyo watakavyosema: mnaona, ilikuwa samadi yake. Atakuwa amemwagilia ushahidi kwa mkono wake mwenyewe.

Na mimi nimwangalie tu.

Hapana.

Nikimwambia hapa mlangoni, atasema yamekwisha mwanangu, usiwaambie. Namjua. Atanifichia. Basi nisimwambie hapa. Kule, mbele ya Mwenyekiti, mbele ya muuza mkaa —

Wamefika kumi na nne, mtoto karuka kumi na tano, wanaanza upya. Mzee anaita, "Mwanangu, miche inapigwa na jua."

Nimejibu naja. Miguu bado.